Butura ya nchi: hotuba kuhusu tusi la "jamhuri ya ndizi"

(Hotuba hii niliitoa jioni moja jijini Mwanza, mbele ya wanafunzi, walimu na wafanyabiashara. Nimeiandika karibu na nilivyoisema. Mizaha nimeiacha humo humo.)

Mwadila, ndugu zangu. Nimesikia sauti kutoka upande mmoja tu wa ukumbi. Walionyamaza nawajua, ni wajomba zangu wa Bukoba, wanasubiri salamu kwa Kiingereza. Nina ruhusa ya kuwatania pande zote mbili: baba yangu ni Msukuma wa Magu, mama ni Mhaya wa Kamachumu. Nimelelewa kwa michembe na kwa ndizi, kwa hiyo leo naongea nikiwa na ushahidi tumboni.

Shati hili mnaloliona nimelinunua Mlango Mmoja, soko la mitumba. Kijana alikuwa amefungua belo asubuhi hiyo hiyo, akanivuta mkono: "Mzee, hili lilikuwa linakusubiri wewe. Gredi ya kwanza, halichuji." Alianzia elfu kumi na tano, tukaachana kwa saba. Nilipofika nyumbani mke wangu akageuza kola, akasoma lebo. Imeandikwa Banana Republic, yaani jamhuri ya ndizi. Akaniangalia. "Baba Neema, siku hizi unavaa matusi?"

Ni duka la nguo la Marekani, lilianza California mwaka 1978 kwa kuuza mavazi ya mtindo wa safari na ya kijeshi. Aliye mbali na tusi anaweza hata kulifanya jina la duka. Linapomwangukia ndipo linapomwasha.

Hapa kwetu tusi hilo limekwisha kupata uraia. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, mtu anasema kijiweni: "Tumekuwa jamhuri ya ndizi." Matokeo ya uchaguzi yakigombewa popote duniani, mchambuzi redioni anasema: "Ile sasa ni jamhuri ya ndizi." Nimefundisha historia sekondari zaidi ya miaka thelathini, na neno hili nimelitamka darasani mara nyingi kwa uvivu, kama tunavyotamka maneno mengi. Mpaka siku moja msichana wa kidato cha tatu, mwenyeji wa Muleba, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini ndizi? Ni sisi tunaosemwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu la maana. Nikamwambia tutalizungumza kipindi kijacho, na nyie walimu mnajua maana ya hiyo ahadi. Leo nalipa deni lake, hata kama hayupo humu.

Tuanze na aliyelisema. Alikuwa Mmarekani, William Sydney Porter, ambaye wasomaji wanamjua kwa jina la kalamu, O. Henry. Alikuwa karani wa benki katika mji wa Austin, Texas. Hesabu za benki hazikukaa sawa, akashitakiwa kwa wizi wa fedha alizokabidhiwa, na mwaka 1896, kesi ikimkaribia, akatoroka. Alikimbilia Honduras, Amerika ya Kati, ambako Marekani isingeweza kumrudisha kirahisi. Mwaka uliofuata akarudi kwa kuwa mkewe alikuwa mahututi. Mwaka 1898 akahukumiwa miaka mitano, akatumikia kama mitatu. Kisha mwaka 1904 akatoa kitabu cha hadithi za nchi ya kubuni iliyofanana sana na Honduras, na ndani yake ndimo tunamokuta, kwa mara ya kwanza, maneno haya ya "jamhuri ya ndizi".

Naomba mlitazame hilo vizuri, maana mimi lilinichukua miaka kuliona. Neno ambalo dunia inalitumia kuziita nchi nyingine za wezi limeandikwa na mtu aliyetoroka kesi ya wizi, juu ya nchi iliyompa hifadhi. Simchukii Porter, alikuwa fundi wa hadithi fupi na huenda hakuiba kitu. Ila sijui kama Wahonduras waliwahi kupewa nafasi ya kumpa yeye jina.

Sasa swali la Muleba: kwa nini ndizi? Kwa nini isiwe pamba au karanga?

Hapa wafanyabiashara wa Kirumba mnaweza kunifundisha mimi. Ndizi haina subira. Pamba ukiikosea bei leo unaifungia ghalani, unasubiri. Mkungu ukishakatwa, saa imeanza kukimbia. Mnaopokea mzigo wa ng'ambo ile ya ziwa mnajua: chombo kikichelewa siku mbili, faida imebadilika rangi. Sasa fikiria mkungu unaotakiwa kutoka msitu wa Honduras hadi meza ya mtu wa Boston bila kuiva njiani. Unahitaji shamba lililo karibu na reli, reli inayofika gatini, meli inayosubiri gatini, na habari zinazotangulia meli. Kiungo kimoja kikiwa mkononi mwa mtu mwingine, huyo mtu anaweza kukuozesha. Kampuni za matunda zikaona dawa ni kumiliki vyote: shamba, reli, gati, meli, hata mitambo ya redio ya upepo. Na nchi ambayo reli yake, bandari yake na mawasiliano yake ni mali ya mnunuzi mmoja, rais wake anabaki na nini? Bendera na bendi ya kijeshi.

Yote hayo hayakuanza kwa bunduki. Yalianza kwa deni, na ndipo ninapotaka kuleta neno la mama yangu.

Kule Kagera kuna kitu kinaitwa butura. Wahaya wanakijua, wengine niwaeleze. Ni mwezi Januari, mtoto amerudishwa ada, ghalani hamna kitu, na kahawa bado ni mbichi, iko juu ya mti. Anakuja jirani mwenye fedha: "Nakupa elfu hamsini sasa, kahawa ya mti huu, huu na ule ikiiva ni yangu." Unakubali. Ikifika msimu unasimama kibanjani kwako unaitazama kahawa uliyoipalilia ikiondoka kwa sehemu ndogo ya bei yake. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi. Inaendelea, kwa sababu shida haisomi matangazo. Marehemu mama alikuwa akisema mtu wa butura humjui kwa nguo, unamjua kwa namna anavyopita kibanjani kwake mwenyewe kama mgeni.

Basi, Costa Rica ilifanya butura. Ilikuwa na deni la London, lilikopwa kwa ajili ya kujenga reli kutoka mji mkuu San José kwenda pwani, na reli haijaisha. Mwaka 1884 Mmarekani Minor Keith akatia saini mkataba: atashughulikia deni, atamaliza reli. Yeye akapewa ekari 800,000 za ardhi na haki ya kuiendesha reli hiyo kwa miaka 99. Ekari laki nane! Alipanda migomba kando ya njia ya reli, chakula cha bei rahisi kwa vibarua. Reli ilipokamilika mwaka 1890 abiria walikuwa haba, mizigo haba, ndizi ndizo zilizojaa. Ndizi za vibarua zikageuka kuwa biashara. Mwaka 1899 akaunganisha mali zake na kampuni ya Boston, ikazaliwa United Fruit Company. Watu wa kule waliipa jina la utani kwa Kihispania, El Pulpo. Maana yake pweza. Mtu wa Tanga angeelewa papo hapo. Sisi wa ziwani tumuulize.

Na huko Honduras kulikuwa na mtu ambaye, nakiri, simuwezi kwa kumchukia. Samuel Zemurray. Mtoto wa Kiyahudi kutoka eneo ambalo leo ni Moldova, aliingia Marekani akiwa kijana mdogo asiye na kitu. Katika bandari ya Mobile, Alabama, aliona kampuni kubwa zikitupa ndizi zilizoanza kuiva, kwa sababu zisingefika mbali. Akazinunua kwa bei ya takataka, akazipakia kwenye behewa, akawa anaziuza kwenye vituo vya njiani kabla hazijaoza. Kijana wa Kirumba anayeuza ndizi zilizoiva sana jioni kwa bei ya kutupa ni ndugu yake Zemurray. Nampenda mpaka hapo.

Kisha akapata fedha, akanunua ardhi Honduras. Nchi hiyo nayo ilikuwa na madeni ya zamani ya reli. London na Paris ziliikopesha fedha nyingi kujenga reli ya kuunganisha bahari mbili, fedha zikayeyuka, reli ikaishia njiani. Hadi leo Tegucigalpa, mji mkuu, haujawahi kufikiwa na treni. Serikali ya Marekani ikaandaa mpango wa deni hilo kulipwa kupitia benki ya Morgan, na mabenki yakae pale forodhani kukusanya ushuru. Zemurray akapiga hesabu: ushuru ukikusanywa sawasawa, misamaha yake ya kodi imekufa. Akamtafuta rais aliyekuwa amepinduliwa, Manuel Bonilla, akamnunulia meli na silaha, akampa askari wa kukodiwa akiwemo Mmarekani mmoja jina lake Lee Christmas. Waliondoka New Orleans mwishoni mwa mwaka 1910. Mwaka 1911 serikali ya Honduras ikaanguka, na Bonilla aliporudi kitini Zemurray alipata ardhi na misamaha yake ya kodi.

Mnaona mahali neno letu linapoanza kudanganya? Ukiitazama Honduras ya mwaka 1911 kwa mbali utasema: nchi gani hii, mapinduzi kila kukicha, hawa watu hawatulii. Ukisogea karibu unaona meli ya mapinduzi imetoka New Orleans.

Guatemala nitaisema haraka, ingawa ndiyo iliyomwaga damu nyingi zaidi. Mwaka 1952 Rais Jacobo Árbenz alipitisha sheria ya kugawa ardhi isiyolimwa ya mashamba makubwa kwa wakulima. United Fruit ilikuwa na ardhi kubwa kuliko wote, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa imelala tu. Serikali haikunyang'anya bure. Ilisema tutawalipa fidia kwa thamani ile ile mliyoiandika wenyewe kwenye karatasi za kodi. Kwa kipande cha kwanza ikatoka dola zipatazo 627,000. Wakaja juu! Wakadai zaidi ya dola milioni 15.

Naona wenye maduka mnacheka, na mnacheka kicheko cha mtu anayejijua. Shamba likikutana na ofisa wa kodi linakuwa pori lenye nyoka. Likikutana na mnunuzi linakuwa bustani ya Edeni.

Lakini kampuni hii ilikuwa na marafiki. Waziri wa mambo ya nje wa Marekani alikuwa John Foster Dulles, mkuu wa shirika la ujasusi la CIA alikuwa ndugu yake Allen Dulles, na wote wawili walikuwa wametoka katika ofisi ya mawakili iliyowahi kuifanyia kazi kampuni hiyo. Juni 1954 Árbenz aliangushwa kwa operesheni ya CIA. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, kuanzia 1960 hadi 1996, viliua au kupoteza watu wapatao laki mbili. Mjini siku zile Árbenz anaangushwa alikuwepo daktari kijana wa Kiargentina akitazama mambo yote, Ernesto Guevara. Ndiye yule mwanamapinduzi Che aliyepita Kigoma mwaka 1965 akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Mambo ya ndizi yana miguu mirefu.

Tuje kwenye matumizi ya leo. Mwaka 1986 waziri wa fedha wa Australia, Paul Keating, alisema redioni kwamba nchi yake isipojirekebisha itaishia kuwa jamhuri ya ndizi. Thamani ya dola yao ikaporomoka. Mimi namhesabu Keating kati ya wachache waliolitumia neno hili kwa akili, kwa sababu alikuwa anasema juu ya nchi yake, na juu ya jambo lenyewe: kuuza mali ghafi, kununua vilivyotengenezwa, kujaza pengo kwa mkopo. Hakukuwa na mwanajeshi hata mmoja kwenye sentensi yake.

Januari 6, 2021, watu walipovamia bunge la Marekani, rais wa zamani George W. Bush alitoa tamko kwamba hivyo ndivyo matokeo ya uchaguzi yanavyogombewa katika jamhuri ya ndizi, si katika jamhuri yao ya kidemokrasia. Nilikuwa naangalia habari na mjukuu wangu. Nikajikuta nauliza televisheni: huko kwenye ndizi, ni nani aliyewafundisha? Mjukuu akaniambia babu, hawakusikii.

Katika miaka mia moja na kitu neno limevuliwa nyama likabaki ngozi. Lilizaliwa likielezea nchi iliyoshikwa na mnunuzi wa nje. Sasa linamaanisha fujo tu: majenerali, kura za wizi, rais mwenye medali nyingi. Mnunuzi ametoka kwenye picha, kimya kimya, kama mtu anayeondoka msibani kabla ya mchango. Katika butura wapo watu wawili. Tusi hili linamtaja aliyeuza.

Na ndizi zenyewe, maskini, hazina kosa. Uganda ni kati ya nchi zinazokula ndizi nyingi kwa kila mtu duniani, na imepata mapinduzi pia. Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi, na mwaka 1978 majeshi yake yakaingia hadi Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, ndugu za mama yangu wakakimbia na vitanda kichwani. Kama tusi lingekuwa juu ya ndizi na mitutu ya bunduki, jirani angelichukua kwa kura zote. Ila ndizi ya Uganda inaliwa Uganda. Ndizi ya Kamachumu inakua nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chenye makaburi ya mababu, kwa samadi ya ng'ombe wa nyumbani, inamenywa asubuhi na kupikwa na maharage mchana. Hakuna mtu wa Boston anayeweza kupiga simu akaizuia isiive. Mgomba kule ndio uhuru wa mtu. Hatari iko kwenye mti wa pili pale pale kibanjani, ule wa kahawa, ambayo bei yake inategemea soko la London. Kwa hiyo binti wa Muleba, popote ulipo: hapana, si nyie mnaosemwa. Ila muulize bibi yako habari za butura.

Na sisi wa huku Mwanza tusijitanue. Tulikuwa na pamba. Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii, Paul Bomani akiwa mbele, waliunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria ili wanunue na wachambue pamba yao wenyewe, wakawa na viwanda vyao. Hayo yalifanywa na watu waliovaa kaptula chini ya utawala wa Mwingereza. Mwaka 1976 serikali yetu wenyewe ikavifuta vyama vya ushirika nchini. Hapo simwoni Mmarekani hata mmoja, na nalisema ili msidhani nimekuja kulaumu wageni tu.

Kisha akaja sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, na baadaye akatujengea viwanda, ajira na nyumba za ghorofa. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mitaani kwetu yakabaki mapanki, mifupa na vichwa, yakakaangwa, tukala, tukashukuru. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu zaidi ya mara moja, safari moja kwa hofu ya kipindupindu, nyingine kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu. Sisemi walikosea, sumu ni sumu. Nakumbuka tu jinsi mji ulivyonyamaza. Barua iliandikwa Brussels, na mama muuza chai Igogo akakosa wateja. Wakati ule dagaa hawakupata habari. Waliendelea kuanikwa kama kawaida.

Mtu ataniuliza: Mwalimu, basi tuliache neno hili, tuseme nini? Mimi si polisi wa lugha. Ninachojua ni kwamba tunalo letu, na ni kali zaidi: shamba la bibi. Bibi ni mzee, haoni vizuri, hana wa kumlindia, na anayeingia kuchuma ni mjukuu wake, wakati mwingine akiwa ameshika mkono wa mgeni kumwonyesha njia. Ukisema nchi imekuwa shamba la bibi, moja kwa moja watu wanauliza: nani ameingia? Kabeba nini? Kapitia wapi? Ukisema jamhuri ya ndizi, watu wanatikisa kichwa na kuagiza kahawa nyingine.

Nimeonyeshwa saa kule mlangoni, kumbe nimekula hata dakika za maswali. Zimebaki kumi. Namwona mama mwenye kitenge cha bluu, karibu, na mjomba wangu wa Bukoba aliyenuna tangu nitaje salamu, utafuata wewe. Kijana wa kule nyuma unayeniuliza kwa mkono bei ya shati: elfu saba, nimeshasema.